Jibu: Uzito unachapwa na E+01 badala ya 23.50

Mkuu, umeuliza kwa nini risiti inachapa uzito wa kilo 23.50 ukiwa na E+01; hapo printa haina kosa. Kwenye S7-1200 (PLC ya Siemens, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo), amri ya S_CONV ikigeuza Real (namba yenye desimali) kuwa stringi (maandishi) huandika kwa mtindo wa kipeo (2.35 mara 10), ndiyo maana 23.5 yako inatoka na E+01 nyuma. Achana nayo, tumia amri ya VAL_STRG: SIZE 8 (jumla ya herufi), PREC 2 (tarakimu za desimali), FORMAT W#16#0000 (namba ya kawaida yenye nukta), P 1 (anza kuandika herufi ya kwanza). Namba itakaa upande wa kulia, nafasi tupu zikitangulia, na safu za risiti zitanyooka zenyewe. Stringi ya kupokea ipe kwanza thamani ya mwanzo yenye urefu wa kutosha.

Kama PLC nyingine haina amri hiyo: zidisha kwa 100, geuza kuwa DInt (namba kamili), gawanya kwa 100 upate kilo kamili, kisha DInt hiyohiyo ifanyie MOD 100 (baki la kugawanya) upate desimali. Mtego uko hapa: baki likiwa chini ya 10 ongeza sifuri mbele, la sivyo 23.05 itachapwa 23.5 na mteja alipie karibu nusu kilo ya hewa. Na -0.45 hupoteza alama ya kutoa kwa kuwa sehemu kamili ni 0, hivyo alama ichape kando. Mwisho wa mstari weka $R$L (alama za kurudi mwanzo na kushuka mstari); printa nyingi za risiti hazichapi kitu mpaka ziipate.