Kabla hujawapeleka watoto Ruvuma, nisikilize

Juzi usiku dada mmoja wa Masasi kaniandikia: "Dada, likizo hii nataka niwapeleke wanangu mtoni Ruvuma wakauone mpaka, na picha tupige. Unanishauri nini?" Nimeusoma ujumbe wake mara tatu. Nilikuwa na siku nne tu tangu nirudi kutoka Kilwa, moyo mweupe kabisa, na swali lake likanirudisha mahali nisipopapenda. Basi leo nasema yote.

Mimi nilishaenda. Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka juzi, na kilichonisukuma ni wivu. Shemeji yangu aliwachukua wanangu wawili wakakaa kwake Dar wiki nzima, akawapeleka kwenye michezo ya maji, ile yenye mabomba makubwa ya kuteleza mpaka ndani ya bwawa. Waliporudi Mtwara hawakuwa na hadithi nyingine. Nikiwapeleka ufukweni Shangani wananiambia, "Mama, hapa hakuna kitu." Neno lile liliniingia. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, Msumbiji, akavuka bado msichana, na mama alitusimulia mto ule usiku hadi usiku mpaka tunasinzia. Nikasema, nitawaonyesha kitu ambacho Dar hakipo.

Nikapika chapati, nikakodi gari, tukaondoka. Sikuuliza mtu. Sikupita kwa mwenyekiti wa kijiji, hata kitambulisho nilikiacha kabatini, kwa sababu moyoni naona naenda kwetu, nani wa kunizuia? Nilijisahaulisha kwamba Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka kutoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, na Machi 2021 mji wa Palma, hapo ng'ambo tu, ukavamiwa watu wakakimbia na nguo za mwilini. Tangu hapo kingo za mto ule zinalindwa. Haya nilikuwa nayajua kama anavyoyajua kila mtu wa Mtwara.

Watoto wakasimama, mitumbwi nyuma yao, nikainua simu. Sikuliona hema la askari chini ya mwembe.

Tulikalishwa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Chapati zilikauka. Mwanangu mdogo alijikojolea kwa hofu, nami sikuwa na nguo ya kumbadilisha. Kijana aliyeishika simu yangu hakufuta picha za siku ile peke yake, alifuta zote. Humo ilikuwemo video ya mama yangu, marehemu sasa, amekaa kibarazani anabangua korosho, vidole vimeingia weusi wa mafuta ya ganda, ananikataza nisimpige kabla hajajifunga kitambaa. Ilikuwa fupi sana, na sina nyingine. Najua alikuwa kazini, na najua kupiga picha eneo la ulinzi ni kosa kisheria. Kosa hilo ni langu. Lakini ile video haikuwa na mpaka wala askari ndani yake, na mpaka leo nikisikia mtu anabangua korosho najikuta nimesimama.

Kwa hiyo dada, uliza kwanza. Uliza kabla hujafunga safari, na ukifika uliza tena. Anzia kwa mwenyekiti wa kijiji, msalimie, mwambie umekuja na nani na unataka kuona nini. Beba kitambulisho. Na picha zako za thamani zihamishe kwenye simu ya mtu wa nyumbani kabla hujatoka, usifanye kama mimi.

Kilwa nilikwenda hivyo. Safari ya basi hadi Nangurukuru haina la kusimulia. Kilwa Masoko tukaenda ofisini kuchukua kibali, tukapewa kiongozi, bei ya boti tukakubaliana na nahodha tukiwa bado nchi kavu, ndipo tukavuka kwenda Kilwa Kisiwani. Nilimuuliza yule kiongozi mara tatu kama naruhusiwa kupiga picha. Mara ya tatu akanijibu, "Mama, piga mpaka simu ijae." Nililia, akashangaa.

Sasa msikilize mwanangu. Pale Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya mwamba unaotazama bahari, lipo bwawa la kuogea lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lina pembe nane. Msafiri maarufu Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, sultani huyo akiwa madarakani. Mwanangu alilizunguka taratibu, kila kona anasimama anahesabu kwa sauti. "Nane, Mama! Zote zipo!" Dada yake akamuuliza kiongozi kama Dar nako lilikuwepo bwawa enzi hizo. Akamjibu kwamba mji wa Dar umeanza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860. Binti yangu alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe kwetu ndiyo zamani." Hilo tu ndilo nililolitaka tangu mwaka juzi.

Wazazi wenzangu, tusiwalaumu watoto kusema kwetu hakuna kitu. Hatujawapeleka. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, na wapo watu wazima Lindi mjini hawajawahi kuvuka pale. Wapelekeni. Lakini ulizeni kwanza, nasema tena, ulizeni.

Na wewe dada wa Masasi, mpaka utawaonyesha. Wapeleke Newala, Shimo la Mungu, pale ukingoni ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla. Wavishe masweta, asubuhi za Juni zina upepo. Bonde lote la Ruvuma liko chini yenu, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mimi nimewarudisha wangu hapo mwaka huu. Nimenyoosha mkono kuelekea Mueda nikawaambia, kule ndiko alikotoka bibi yenu mkubwa, na hakuna aliyetuuliza kitu.