Daktari wa kinga ukitaka kuwahudumia maveterani wa Marekani, anza na rufaa

Madaktari wenzangu wa hapa Marekani waliosomea tiba ya kinga, yaani kuzuia maradhi kabla hayajaingia, huniuliza kama inafaa kujiunga na mtandao wa VA, wizara ya serikali inayoshughulikia maveterani, wa kuwahudumia wanajeshi hao wa zamani nje ya hospitali zake. Nawajibu inafaa, ila wasitarajie simu kuanza kulia wiki inayofuata. Kujiunga ni makaratasi. Shughuli iko kwa wale wanaoandika rufaa: wakujue, na wajue wakuletee nani.

Kwa asiyeufahamu mpango: VA ina hospitali zake, lakini baada ya kashfa ya wagonjwa kusubirishwa mno katika hospitali ya VA ya Phoenix mwaka 2014, Bunge la Marekani lilipanua mlango wa kutumia madaktari wa nje. Sheria inayotumika sasa, MISSION Act, ilitiwa saini Juni 2018 na utaratibu wake ukaanza Juni 2019. Kama veterani akiendesha gari atatumia wastani wa zaidi ya dakika 30 kumfikia daktari wa kawaida wa VA, au 60 kwa bingwa, anaweza kupelekwa nje. Vivyo hivyo akiambiwa asubiri zaidi ya siku 20 kwa wa kawaida au 28 kwa bingwa. Zipo sababu nyingine, lakini hizi utazisikia zaidi.

Mkataba hautiwi saini na VA yenyewe, bali na kampuni inayousimamia mtandao. Nchi imegawanywa kanda tano. Kampuni ya Optum inasimamia ya 1 hadi ya 3, na ya TriWest ya 4 na ya 5. Mimi niko Texas, kwa hiyo ni TriWest. Aliyeko Minnesota au Ohio ataanza na Optum. Watataka leseni safi, bima ya makosa ya kitabibu, namba ya NPI inayomtambulisha kila daktari nchini, na taarifa zako za CAQH, yaani hifadhi ya mtandaoni ya sifa za madaktari, ziwe za sasa. Usipite haraka kwenye msimbo wa fani ulioko katika NPI yako. Ukiandika tiba ya kinga peke yake ilhali unaona pia wagonjwa wa kawaida, karani anayetafuta daktari wa kawaida kwenye orodha hatakuona. Weka zote unazozifanya kweli.

Sasa rufaa. Rufaa ya VA huja na kifurushi cha huduma zilizoidhinishwa, kwa tatizo fulani na kwa muda fulani. Goti, mgongo, usingizi. Sisi wa kinga tunashughulika na yale ambayo hayajampata mtu bado, na hakuna karani anayeandika rufaa ya kiharusi ambacho hakijatokea. Ndiyo maana madaktari wengi wa fani yetu wamo kwenye orodha na hawajawahi kuona veterani hata mmoja.

Nilichofanya ni kwenda kwenye ofisi ya huduma za nje ya hospitali ya VA iliyo karibu nami, na karatasi ya ukurasa mmoja. Sikuandika "tiba ya kinga". Niliorodhesha kazi kwa majina wanayoyatumia wao kila siku: kuacha sigara, uzito na kisukari kinachoanza, shinikizo la damu lisiloshuka, tathmini ya mtu aliyevuta moshi au kemikali kazini. Muuguzi aliisoma, akasimamisha kidole kwenye ule mstari wa mwisho: "Hawa wa mashimo ya moshi unawachukua?" Nikamwambia ndio hasa ninaowataka.

Hapo ndipo fani yetu ina uzito ambao wengine hawana, hasa ukiwa umebobea afya ya kazini. PACT Act ya Agosti 2022 inaitaka VA imchunguze kila veterani aliyeandikishwa kwake kuhusu sumu alizokutana nazo jeshini, na kurudia angalau kila miaka 5. Wapo waliolala karibu na mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan. Wapo wazee wa Vietnam waliokutana na Agent Orange, ile sumu ya kuua majani iliyopuliziwa vitani, ambao sheria hiyo imewaongezea shinikizo la damu kwenye orodha ya maradhi yanayohesabiwa kuwa yametokana na utumishi. Historia ya kazi unayoichukua wewe kwa nusu saa, mwaka kwa mwaka, kambi kwa kambi, daktari mwenye dakika kumi haiwezi. Iandike vizuri, kwa sababu inaweza kumsaidia mtu huyo kwenye madai yake ya fidia.

Ukikuta jambo lililo nje ya kifurushi, usilifanye kwanza ukaomba baadaye. Jaza fomu 10-10172, itume VA, subiri jibu. Mfano wa kila wakati: mzee wa miaka 68 ameletwa kwa ajili ya uzito, zamani alivuta sigara. Anastahili ultrasaundi moja ya mshipa mkuu wa tumboni, ambayo hupendekezwa kwa wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta, na pengine picha ya CT ya mapafu pia. Ukimpima bila kibali hulipwi, na mkataba haukuruhusu kumdai yeye. Hata ile sehemu ya malipo inayomhusu mgonjwa VA huikusanya wenyewe, kwa hiyo mwonye mtu wako wa mapokezi asimtoze. Madai yako ya malipo yawasilishwe ndani ya siku 180. Kumbukumbu za matibabu zirudishe VA mapema. Daktari wake wa kule asipoziona, kila ulichokigundua kimeishia kwenye kompyuta yako.

Chanjo ya mafua usihangaike nayo kama huna friji ya chanjo. Veterani aliyeandikishwa huipata bure kwenye maduka ya dawa yaliyomo kwenye mtandao, bila rufaa.

Kuna swali moja ambalo ningependa uulize mapema kuliko la kolesteroli: nyumbani kuna bunduki, na inahifadhiwaje? Kujiua ni hatari kubwa kwa kundi hili, na kufungia silaha mahali pa mbali na risasi kunaokoa watu. Mpe namba 988, simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua, kisha abonyeze 1. Tangu Januari 2023 veterani aliye kwenye hatari ya kujiua anaweza kupata huduma ya dharura popote kwa gharama ya VA, hata kama hajaandikishwa huko. Wengi hawajui.

Waulize pia ndugu zetu kama waliwahi kuwa jeshini. Wako Wakenya na Waafrika Mashariki wengine walioingia jeshi la Marekani wakiwa na kadi ya ukaazi tu, wakatoka, na leo ni madereva wa malori au wauguzi wasaidizi wasiojiita maveterani. Sheria ile ya PACT inazitaja Somalia, Djibouti na Oman miongoni mwa nchi za waliovuta hewa chafu. Mtu wa Nakuru aliyepangiwa Djibouti anahusika kama yule wa Dallas.

Kuhusu fedha, malipo kwa kawaida hufuata viwango vya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa hiyo usitegemee hayo peke yake kulipa pango la kliniki. Mimi nimewatengea maveterani asubuhi mbili kwa wiki, saa nzima kwa mgonjwa mpya, na mtu wangu wa madai hafungui faili mpaka namba ya rufaa iwe imeshaonekana kwenye skrini.