Baiskeli msituni: anza na upepo wa tairi

Kila ninapozungumzia njia za changarawe zisizo na magari, zinazopita msituni na kwenye bustani kubwa za umma, swali la kwanza huwa ni baiskeli gani ya kununua. Jibu langu huwaudhi baadhi ya watu: tumia hiyo hiyo uliyonayo, mradi fremu yake inaingiza tairi pana. Milimita 35 zinatosha kwenye njia iliyoshindiliwa vizuri. Kuanzia 40 hadi 45 ndiyo starehe yenyewe. Mengine yote ni mapambo, au tuseme yanaweza kusubiri.

Kisichoweza kusubiri ni upepo. Aliyezoea lami hujaza tairi mpaka kidole gumba hakibonyezi kitu, na kwenye lami haina neno. Juu ya kokoto, tairi gumu namna hiyo halilali juu ya jiwe, linaruka. Na kila linaporuka, sehemu ya nguvu uliyoitia kwenye pedali inaishia kukutikisa mikono na mgongo badala ya kukusogeza mbele. Kwa mwili wa kilo sabini hivi na tairi za milimita 40, mimi huweka psi 35 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) au zaidi kidogo nyuma, halafu mbele napunguza mbili tatu, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji inakalia gurudumu la nyuma. Mzito aongeze, mwepesi apunguze. Ila usishushe kupita kiasi ikiwa ndani kuna tyubu. Ukigonga jiwe lenye ncha, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, na ukiitoa utakuta matundu mawili madogo yamekaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo, usihangaike kutafuta mwiba. Ziba, kisha ongeza upepo.

Sasa njia. Neno changarawe linabeba mambo mengi mno. Mawe yaliyopondwa kwa mashine yana kingo, hivyo yanashikana. Yakichanganywa na unga wake mwenyewe, yakamwagiwa maji na kushindiliwa, yanakuwa karibu kama sakafu. Kokoto za mtoni ni mviringo na hazishikani kamwe, ukipita zinabingirika chini ya tairi. Kwa hiyo ninapotafuta njia mpya naangalia kwanza imetandikwa nini, urefu wake baadaye. Ramani ya OpenStreetMap husaidia hapo, maana wanaojitolea kuichora mara nyingi huandika aina ya sakafu. Halafu naangalia picha zilizopigwa kutoka angani. Njia iliyofunikwa kabisa na miti siioni kwenye picha, na hiyo nayo ni habari: itakuwa na kivuli, na itachelewa kukauka.

Kwa anayeanza, au anayetoka na watoto, hakuna kinachoshinda reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli. Treni haziwezi kupanda vilima vikali, kwa hiyo waliojenga reli walichimba vilima na kujaza mabonde, na wewe leo unakula jasho lao. Katy Trail ya Missouri, Marekani, inafuata reli iliyoachwa kwa zaidi ya kilomita 380, na sehemu kubwa yake imetandikwa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Njia za kandokando ya mifereji ni ndugu zake: C&O Canal, kutoka Georgetown jijini Washington hadi Cumberland, Maryland, ina karibu kilomita 297, na kwa sehemu kubwa unapanda pale tu boti zilipokuwa zikipandishwa, kwenye malango ya maji. Barabara za wavuna mbao ni habari nyingine. Zina milima, zina mawe makubwa, na kule kutokuwa na magari kunaweza kuwa kwa siku za mapumziko tu, kwa sababu siku za kazi malori ya magogo hupita humo humo. Soma bango langoni. Na rundo la magogo kando ya njia usilipande hata kwa picha, linaweza kuporomoka.

Njia isiyo na magari haimaanishi kwamba ni yako peke yako. Kuna wanaotembea, watoto wasiojua kushoto na kulia, mbwa, wakimbiaji wenye vitu masikioni. Hao ndio wenye njia, wewe ni mpitaji. Piga kengele ukiwa bado mbali, siyo mgongoni mwa mtu, punguza mwendo, sema asante. Kwa farasi mimi sitegemei kengele. Nazungumza mapema, salamu yoyote ile, ili asikie sauti ya binadamu. Nampita polepole nikimpa nafasi kubwa, na mpanda farasi akiniambia nisimame nasimama.

Kona zina siri yake. Njia nyingi hujengwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji yatiririkie kando, na magurudumu ya waliotangulia huzidi kusukuma kokoto zilizolegea pembeni na upande wa nje wa kona. Funga breki kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, kisha achia na upite pale palipoganda. Mizizi iliyolowa ivuke kwa kuikata moja kwa moja, bila breki na bila kugeuza usukani. Na unapotoka juani kuingia kivulini, punguza mwendo hata kama njia unaijua, kwa kuwa macho huchukua muda kuzoea na shimo halisubiri.

Kitu kinachoharibu safari msituni kuliko pancha, kwa maoni yangu, ni kijiti. Gurudumu linakiinua, kinajipenyeza kati ya spoki, kinavutwa hadi kwenye kibadilishia gia cha nyuma. Ukisikia tu mkwaruzo, acha kukanyaga pedali papo hapo, simama, kitoe kwa mkono. Ukikanyaga mara moja zaidi, kile kikono chembamba cha alumini kinachoshika kibadilishia gia kinapinda au kukatika, na kuanzia hapo unasukuma baiskeli. Kikono cha akiba hakina uzito wa maana, ila hakikisha ni cha fremu yako, maana maumbo yake ni mengi mno.

Mfuko wangu una tyubu nzima, viraka, pampu, spana ndogo, kiungio cha cheni na maji. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kidole taratibu ndani ya tairi lote, kwa sababu mwiba uliotoboa ile ya kwanza mara nyingi bado umo. Simu isiwe ramani yako pekee, kwani mtandao hupotea penye miti mingi. Giza nalo huwahi kuingia chini ya miti kuliko nje, kwa hiyo taa nabeba hata nikitoka mchana.

Ukirudi, futa cheni kwa kitambaa kikavu kabla ya kugusa chupa ya mafuta. Vumbi la kokoto likichanganyika na mafuta husaga meno ya gia. Tone moja kwa kila kiungo linatosha, na linalozidi lifute.