Herufi Nene za Mlazo: Zipe Neno Moja Tu

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya mabango, mama mmoja muuza maandazi aliniagiza stika za kubandika kwenye ndoo zake. Siku hizo nilikuwa naipenda mno Cooper Black, fonti (mtindo wa herufi) nene, nikaiweka kila mahali: jina la biashara, bei, namba ya simu, hadi orodha ya viungo. Zote nene, zote nimezilaza upande (italiki). Stika zilipotoka akashika moja, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Mwanangu, hii ni sita au nane?"

Nilipotazama, tundu za 6 na 8, za a na e, zote zilikuwa zimejaa wino. Nikachapa upya kwa hela yangu.

Fonti haikuwa na kosa. Ilichorwa na Oswald Bruce Cooper, mchora herufi wa Chicago, Marekani, na kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler kikaitoa mwaka 1922; ile ya mlazo ikafuata baadaye. Ni herufi ya matangazo, ya kusomwa kwa ukubwa. Itazame kwa karibu: haina kona yenye makali. Hata miguu yake, ambayo kwenye fonti nyingi hukaa bapa juu ya mstari, hapa imevimba kwa chini kama andazi lililoumuka. Ndiyo maana haiharibiki upesi ukiichapa kwenye flana au kitambaa cha kukwaruza. Wino ukitambaa kidogo pembeni, hakuna ncha ya kupotea. Ukiilaza, unene ule unapata mwendo, na neno linakuwa kama linakuja kukupokea.

Lakini ilazwe na aliyeichora. Kompyuta nyingi zenye Microsoft Office zina Cooper Black iliyosimama peke yake. Ukibonyeza kile kitufe cha I, programu inazisukuma herufi upande tu, na o nzuri ya mviringo inakuwa yai lililokaliwa. Mlazo wa kweli ni faili jingine, Cooper Black Italic, ambamo kila herufi imechorwa upya kwa mikunjo ya mkono. Ninakusihi uinunue. Kama mfuko hauruhusu, Lobster ya Pablo Impallari wa Argentina ni ya bure tangu 2010, nayo ni nene, imelala, na herufi zake zinashikana mikono. Usiiandikie KARIBUNI yote kwa herufi kubwa, maana zile hazishikani, andika Karibuni.

Herufi hizi nene za mlazo mimi huzitumia kwa keki, juisi, nguo za watoto, flana za sherehe ya familia. Kwenye tangazo la msiba zinaniumiza, na nimeziona huko zaidi ya mara moja. Aliyefiwa hahitaji herufi zinazocheza.

Zipe neno moja, mawili yakizidi. Yaliyobaki yaandike kwa fonti nyembamba iliyosimama, namba ya simu kabla ya yote. Kisha chapa nakala moja kwa ukubwa wake halisi, ibandike ukutani, uvuke barabara, ugeuke utazame.

Stika za yule mama sasa zina "Maandazi" peke yake, kubwa, limelala. Chini yake namba imesimama wima, na sita yake inasomeka ukiwa ndani ya bajaji.