Shubiri haikuokoa kuku wangu

Wiki iliyopita mpwa wangu alinionyesha kwenye simu tembo wa Kerala, kusini mwa India, wakilishwa matonge ya wali wenye samli, sukari guru, manjano na mitishamba. Kule, mwezi wao wa Karkidakam, kati ya Julai na Agosti mvua zikiwa zimekolea, tembo wanaofugwa hupumzishwa na kulishwa hivyo ili mwili upate nguvu. "Mjomba, kama tembo anatibiwa kwa majani, kuku watashindwaje?" Ana kuku wachache pale Chamwino, ndiyo maana aliuliza. Nikamsimulia yaliyonipata.

Ilikuwa Agosti, upepo na vumbi. Nilikuwa na kuku wa kienyeji 26. Asubuhi moja nikakuta tetea amejikunyata, mabawa chini, kinyesi cha kijani. Nikaponda shubiri mwitu nikatia kwenye maji ya kunywa, kama bibi alivyokuwa akifanya. Kesho yake jogoo alikuwa amepinda shingo hadi mgongoni, anazunguka palepale kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Nikazidisha shubiri. Wiki haikuisha, nimebaki na kuku 4.

Kilichowaua ni kideri, ugonjwa wa virusi. Ukishaingia bandani hauna tiba, iwe ya majani au ya dukani. Hata tembo wa Asia wana virusi vyao vya jamii ya herpesi, vinavyoweza kuua ndama kwa siku chache, na matonge yale hayavizuii.

Kinga ni chanjo. Ya I-2 hutengenezwa hapahapa Tanzania, Kibaha: tone moja kwenye jicho moja, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko zile za zamani, lakini usiiache juani. Chanja kuku wasio wagonjwa, wote kwa siku moja, na mapema kabla ya pepo za kiangazi. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, kwa hiyo changeni na majirani. Kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye atakayewaletea.

Mitishamba sijaitupa, naipenda mno. Majani makavu ya mwarobaini nayatandika kwenye viota pamoja na majivu, na utitiri umepungua sana. Matetea wanaatamia wametulia.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akaomba namba ya bwana mifugo.