Marehemu haagizi biriani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Tabata. Tuna kikundi chetu cha kusoma vitabu, tunakutana kila Jumamosi, na mwezi huu tumechagua hadithi za mauaji zinazotokea kwenye sehemu za kula. Nimepewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja kueleza kwa nini hadithi hizi zinapendwa. Nimekwama kwenye kichwa cha habari: niandike mauaji "ya mgahawani", "ya hotelini" au "ya restoranti"? Nimeanza hivi: "Marehemu aliingia mgahawani saa 2 usiku, akaagiza biriani ya kuku, na kabla hajamaliza sahani akawa ameuwawa." Naomba msaada wako.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Swali lako lina jibu, tena jepesi. Lakini sentensi yako imeninyima usingizi tangu juzi, na sina budi kuishika, kwa sababu maradhi yaliyomo si yako peke yako. Yameenea mji mzima.

Kwanza jepesi. Andika "mgahawani". Mgahawa umetokana na gahawa, tamko la zamani la kahawa, ambalo asili yake ni Kiarabu, qahwa. Jirani zetu wa Kenya husema zaidi mkahawa, na hilo nalo ni sahihi. Mghahawa, ule wenye gh unaopakwa rangi kwenye vibao kuanzia Buguruni mpaka Mwenge, si sahihi. Hoteli hainiudhi. Hapa Dar es Salaam mtu akikwambia "twende tukale hotelini", humuulizi habari za kitanda. Ila msomaji wa riwaya akisikia hoteli atafikiria vyumba, funguo na mapokezi, na mauaji ya chumbani ni hadithi nyingine. Restoranti inaeleweka, lakini haitupi kitu ambacho mgahawa haujatupa. Na hilo "ameuwawa" liandike ameuawa: kitenzi ni ua, kutendwa kwake ni uawa, w ni moja tu.

Sasa tuje kwa marehemu.

Isome tena sentensi yako, taratibu. Marehemu aliingia. Kwa miguu ipi? Marehemu hubebwa. Marehemu akaagiza biriani. Yaani mhudumu amekuja, ameifuta meza, amemtazama marehemu usoni na kumuuliza: kuku au nyama? Marehemu akajibu kuku. Labda akaomba kachumbari ya ziada na pilipili pembeni, akauliza kama kuna maji yasiyo ya baridi, akaenda kunawa, akarudi, akavuta kiti. Ameletewa sahani, amepiga matonge matatu, manne, amelamba vidole. Muda wote huo ni marehemu. Halafu, mwisho wa sentensi, ndipo anauawa. Umemzika kwenye neno la kwanza, kisha ukamleta muuaji aje kumuua mtu uliyekwisha mzika wewe. Muuaji huyo nikipewa nimtetee, nasimama mahakamani bila wasiwasi. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayesababisha kifo cha mtu mwingine kwa kukusudia. Marehemu utamsababishiaje kifo?

Wiki chache zilizopita nilikuwa nakula ndizi nyama Kariakoo, redio ya mwenye mgahawa ipo juu ya jokofu, taarifa ya habari inasomwa. Ilikuwa habari ya kijana aliyechomwa kisu. Marehemu alitoka nyumbani jioni. Marehemu alikutana na wenzake. Marehemu alikaa na kuanza kunywa soda. Marehemu aligombana na mtuhumiwa, ndipo mtuhumiwa akamuua marehemu. Nilihesabu kwa vidole nikafika 9, na jina la kijana yule halikutajwa hata mara moja. Mama yake alikuwa na jina la kumwita. Watu wa mtaani kwao walikuwa nalo. Habari ilikuwa inamhusu yeye, lakini hakupewa hata nafasi ya kuwa hai kwa dakika zile alizokuwa hai.

Chanzo cha mtindo huu nakijua. Ni lugha ya jalada la kesi. Jalada hufunguliwa mtu akishakufa, na karani au askari anahitaji lebo moja isiyobadilika kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ili shahidi anaposema "yeye alimfuata yeye" ijulikane nani alimfuata nani. Kwenye maelezo ya polisi na hukumu za mahakama nimekubali yaishe. Wale wana kazi ya kufunga mlango wa utata, na lebo inawasaidia. Kinachoniuma ni mwandishi wa habari kuitoa lebo ile kituoni na kuileta sebuleni kwetu kama ilivyo, halafu mtunzi wa hadithi naye akaikopa kwa mwandishi wa habari, akidhani ndiyo lugha yenye uzito.

Kuna wasomaji watakaonishika hapa. Watasema: Mwalimu, mbona tunasema "Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922", na siku ile anazaliwa alikuwa hajamfundisha mtu? Hoja nzuri, nami naiheshimu. Ni kweli kwamba cheo cha leo huweza kumrudia mtu kwenye jana yake. Lakini ualimu haugombani na kuzaliwa. Mwalimu huzaliwa, hula, hulala. Umarehemu unagombana na karibu kila kitenzi cha walio hai, na unagombana zaidi na kitenzi ua, ambacho hakifanyi kazi pasipo mtu aliye hai wa kuuawa.

Watanishika tena: mbona tunasema "marehemu Shaaban Robert aliandika Kusadikika", na "marehemu baba yangu alipenda biriani"? Tunasema, na tuendelee kusema. Hapo ndipo neno lilipo nyumbani kwake. Marehemu limetoka Kiarabu, marhum, aliyerehemiwa, mzizi uleule uliotupa rehema na dada zetu wakina Rehema. Likikaa mbele ya jina au mbele ya baba, mama, shangazi, ni dua. Unamtaja mtu na papo hapo unamuombea. Msikilizaji anajua unamzungumzia baba aliyeishi, mwenye sura na tabia, na ile dua imetangulia kama mtu anavyobisha hodi kabla ya kuingia. Liondolee jina, libaki peke yake likiingia mgahawani na kuvuta kiti, dua imekwisha, imebaki lebo. Tofauti ya "marehemu baba aliagiza biriani" na "marehemu aliagiza biriani" ni hiyo, na si ndogo.

Kwako wewe, kijana wangu, madhara ni makubwa kuliko kwa mtangazaji, maana wewe unaandika kueleza utamu wa hadithi hizi, na neno lako la kwanza limeumwaga utamu wenyewe. Hadithi ya mauaji ya mgahawani inapendwa kwa sababu mwanzoni wote wanakula. Meza imejaa, watu wanacheka, kuna anayeweka mkono mfukoni, kuna anayebadilishana kiti na mwenzake kwa kisingizio cha feni. Msomaji anajua mmoja ataanguka, hajui nani. Wewe umemnyooshea kidole kabla hata hajakaa.

Tazama fundi anavyofanya. Mwaka 1945 Agatha Christie, Mwingereza mtunzi wa hadithi za upelelezi, alitoa riwaya ya Sparkling Cyanide, ambayo moyo wake ni meza moja ya mgahawa wa London. Mwanamke anayeitwa Rosemary anakufa mezani, siku wanayosherehekea kuzaliwa kwake, kwa sumu ya sianidi iliyokuwa kwenye shampeni. Mwaka unapita. Mumewe anawaalika wageni walewale, mgahawa uleule, na kiti kimoja kinaachwa wazi. Safari hii anakufa mume. Sasa angalia: Rosemary amekwisha kufa tangu ukurasa wa kwanza. Kama kuna mtu wa kuitwa marehemu kwenye vitabu vyote mtakavyosoma Jumamosi hizi, ni yeye. Lakini riwaya inafunguka kwa watu sita wanaomkumbuka, kila mmoja kwa lake, mmoja kwa mapenzi, mwingine kwa chuki, na wanamkumbuka kwa jina. Jina lenyewe ni la jani la kukolezea chakula, ambalo Waingereza wamelifanya alama ya kumbukumbu. Angeitwa marehemu tu, nani angemkumbuka?

Nao watunzi wetu walilijua hili mapema. Tangu Muhammed Said Abdulla alipomtoa mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake kwenye Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Faraji Katalambulla alipofuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, Kiswahili hakijawahi kupungukiwa na uwezo wa kumficha muuaji. Hatuna sababu ya kwenda kukopa lugha kituoni.

Na kama unatafuta cha kujazia ukurasa wako baada ya kumwondoa marehemu, mimi ningeandika juu ya kitenzi kimoja: tia. Huku mjini mwanamke anayepika na kuuza chakula tunamwita mama ntilie. Ni kauli ya mteja, mama nitilie, nipakulie. Mtu hamjui, jikoni kwake hajaingia, sufuria hajaifunua, lakini ananyoosha sahani na kusema ntilie. Fikiria sahani hiyo imepitia mikono mingapi: samaki katoka Feri alfajiri, viungo vimenunuliwa Kariakoo, kuna aliyemenya vitunguu, aliyekoroga, aliyeonja, aliyepakua, aliyeileta mezani. Kila mmoja wao alikuwa na haki ya kuigusa. Nani atamuuliza mpishi kwa nini ameshika kisu? Nani atamshangaa mhudumu kwa kuinama juu ya sahani ya mteja? Kila kitu ambacho kwenye nyumba ya mtu kingekuwa ushahidi, mgahawani ni kazi ya kila siku.

Halafu chukua kitenzi kilekile. Aliyeuawa kwa chakula tunasema alitiliwa sumu. Na mpelelezi anapoanza kuwatazama wapishi kwa jicho jingine, tunasema anawatilia shaka. Ntilie wali, akatiliwa sumu, wakatiliwa shaka: hadithi nzima, kuanzia kuamini hadi kusalitiwa hadi kuchunguzwa, imo ndani ya kitenzi ambacho kila mla wali wa mjini hukitamka mchana. Sijui lugha nyingine iliyowapa waandishi wa hadithi hizi zawadi ya namna hii, na inaniumiza kuona tunaipita kwenda kuokota "mtuhumiwa alimuua marehemu".

Basi kichwa cha habari kiwe Mauaji ya Mgahawani. Na sentensi yako ya kwanza, ukiniruhusu, iende hivi: "Saa 2 usiku mtu mmoja aliingia mgahawani, akachagua meza ya karibu na jiko, akaagiza biriani ya kuku, kabla hajafika nusu ya sahani, akaanguka." Mtu mmoja, kama bibi zetu walivyoanza hadithi zao. Aya ya pili mpe jina. Polisi wakifika, wakaleta machela na kumfunika shuka, hapo mwite marehemu, na mimi nitaitikia amina.