Barua kwa mwanangu: panya, nzige na babu yako

Mwanangu Rehema,

Picha ulizonitumia nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Unaniuliza: hivi vibonzo vya wakimbizi vinaonyesha tu watu wanavyowaza, au ndivyo vinavyowafundisha kuwaza hivyo? Umeniuliza mimi kwa kuwa brashi ndiyo iliyokusomesha. Haya, nisikilize.

Mchora vibonzo ana nafasi ndogo na msomaji mwenye haraka, hivyo huchota kilichokwisha kuwamo kichwani mwa watu. Kile cha Daily Mail, gazeti la Uingereza, cha Novemba 2015, siku chache baada ya mauaji ya Paris, wakimbizi wanaingia Ulaya na panya wanapenya miguuni mwao: hofu ilikuwapo tayari, yeye akaipa mkia. Na panya ukishamwona huulizi katoka wapi wala anakimbia nini. Unatafuta sumu.

Usidhani ni mambo ya juzi. Thomas Nast, yule mchora vibonzo wa gazeti la Harper's Weekly kule Marekani, aliwachora Waairishi, wahamiaji kutoka Ireland, kama masokwe. Naye mwenyewe alizaliwa Ujerumani, akapelekwa New York akiwa na miaka sita! Lakini mwaka 1871 mkono huohuo ulimchora Mchina aliyejikunyata ukutani, ukuta umejaa matusi dhidi yake, na mwanamke anayewakilisha Marekani amesimama kumkinga. Ndiyo maana simwamini mchoraji kwa jina lake. Natazama kibonzo kimoja kimoja.

Ninachokipenda mimi ni cha Joseph Keppler, gazeti la vichekesho la Puck, hukohuko Marekani, Januari 1893. Matajiri wamesimama gatini, makoti mazito, mikono juu, wanamzuia mgeni anayeshuka melini na mzigo wake. Sasa tazama nyuma yao. Vivuli vyao ni vikubwa kuwashinda, na ni vya watu mafukara waliofika hivyohivyo, wao wenyewe na baba zao. Mgeni hakuchorwa malaika, ni mtu tu na mzigo. Kama fundi nakuambia, kazi yote imefanywa na vivuli.

Sasa nikuambie la kwangu, ambalo hata mama yako halijui vizuri. Mwaka 1994, Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa malaki wakaingia hapa kwetu Ngara, kuni zikawa shida, kila mtu ananung'unika. Mwenye duka mmoja akanipa ubao, akasema chora kitu watu wacheke. Nikachora wingu la nzige wanavuka daraja, kila mmoja na ndoo kichwani. Nzige ni rahisi, mistari minne umemaliza. Watu walicheka kweli, nami nikalipwa.

Babu yako alipita jioni. Unajua alitoka Urundi kijana, akatembea hadi mashamba ya mkonge Tanga akawa manamba, jina lake likawa namba kwenye kipande, ile kadi ya kazi, na kuhamia huku ilikuwa baadaye sana. Kusoma hakujua, ila picha aliielewa. Alisimama pale muda mrefu ameegemea fimbo, kisha akaniuliza shamba la nani limeliwa.

Nikababaika. Shamba la kumtajia sikuwa nalo.

Baba yako